Jumatano Yetu: Kikundi cha Familia Zinazosomesha Watoto Nyumbani Mombasa

Kila Jumatano saa tatu asubuhi, familia sita hukutana Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, katika uga wa nyumba ya mmoja wetu ulio karibu na njia ya kushukia ufuoni. Watoto ni 17. Mdogo wao ana miaka 4 na mkubwa wao ana miaka 15, na wote husomeshwa na wazazi wao nyumbani. Jumatano ndiyo siku pekee ya juma ambayo masomo yao huwa ya pamoja. Tumekuwa tukikutana hivyo tangu Januari 2023, na kwa kuwa wazazi kadhaa wameniuliza namna ya kupata kikundi kama hiki au kukianzisha, nimeona niandike kwa urefu, nikianza na kikundi changu cha kwanza, ambacho kilivunjika. Nisingalijua kikundi kina kazi gani kama kile cha kwanza kisingalitufia mikononi.

Nyumbani kwetu mambo yalianza kama yalivyoanza kwa wengi. Serikali ilipofunga shule zote za Kenya mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, kifungua mimba wangu alikuwa Gredi ya 2, na alihesabiwa miongoni mwa watoto ambao bado hawajaweza kusoma. Shule zilipofunguliwa kwa wanafunzi wote Januari 2021, alikuwa akinisomea hadithi jioni bila ya kuombwa. Sikuwa nimefanya ajabu yoyote. Nilikuwa nimekaa naye mkekani nusu saa kila asubuhi, jambo ambalo mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumfanyia kila mtoto hata akiwa na moyo wa namna gani. Mimi na mume wangu, ambaye hufanya kazi ya zamu bandarini, tukakubaliana abaki nyumbani mwaka mmoja tuone. Mwaka huo ukafuatwa na mwingine, na wadogo zake wawili nao hawakuandikishwa shule.

Watu wakisikia hivyo huuliza kwanza kama mtoto hatakosa marafiki. Nalielewa swali hilo, lakini kwa mtoto wa Mombasa silo swali lenyewe. Binti yangu alikuwa na madrasa kila alasiri, alikuwa na binamu, na alikuwa na watoto wa majirani waliombishia hodi kabla hajanawa mikono baada ya chakula cha mchana. Alichokosa ni kitu kingine, na ilinichukua muda kukitambua: hakuwa na wenzake wa kufanya nao kazi ya akili. Akiandika insha, msomaji wake ni mimi. Akikariri shairi, msikilizaji wake ni mimi, ambaye nimekwisha kulisikia likikosewa mara 20. Akisema jambo lisilo sahihi kuhusu mwezi au kuhusu Wareno, hapakuwa na mtoto wa rika lake wa kumwambia, "Si hivyo," akalazimika kutafuta hoja. Wenzake wa kucheza walikuwapo tele, lakini wa kusoma nao hakuwa na hata mmoja.

Ndipo mwanzoni mwa 2022 nikajiunga na kikundi nilichoelekezwa na jamaa yangu. Zilikuwa familia 11, ukumbi wa kukodi, mwalimu kijana aliyeajiriwa, na siku nne za masomo kwa juma, kila mzazi akilipa shilingi 6,000 kwa mwezi kwa kila mtoto. Wazazi tuliwaleta watoto asubuhi na kuwafuata mchana. Mwezi wa kwanza nilifurahi sana, na sehemu kubwa ya furaha hiyo, nikisema kweli, ilikuwa ni kupata nafasi ya kupumzika. Ilipofika mwezi wa tatu nyufa zilikuwa zimeonekana. Familia tatu zilifuata mtaala wa Kenya wa umilisi. Nne zilitumia vile vijitabu vya ACE vinavyotoka Marekani, ambavyo mtoto hujifanyia mwenyewe kimoja baada ya kingine. Mbili zilifuata mtaala wa Uingereza, na waliosalia walichanganya. Mwalimu yule alitakiwa awe walimu wanne kwa wakati mmoja. Kila mkutano wa wazazi uligeuka mvutano wa vitabu, na nyuma ya mvutano wa vitabu kulikuwa na mvutano wa fedha, kwa sababu mwenye ukumbi hakuwangoja waliochelewa kulipa. Muhula wa pili mwalimu aliondoka kabla haujaisha, nasi tukatawanyika, baadhi yetu bila hata kuagana.

Kulikuwa na jambo zito zaidi ambalo wakati ule sikulitilia maanani. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa. Sheria hiyo haikuweka utaratibu ulio wazi kwa mzazi anayesomesha nyumbani, na ndiyo maana familia kama zetu hazikosi wasiwasi. Kuhusu taasisi, hata hivyo, haina utata: anayetoa elimu ya msingi sharti asajiliwe. Watoto wa familia 11 wanaokusanywa siku nne kwa juma katika ukumbi wa kukodi, chini ya mwalimu wa mshahara, wazazi wao wasiwepo, wako shuleni, lolote tutakalopaita mahali hapo. Tulikuwa tumejenga shule ambayo haikusajiliwa, haikuwa na mwalimu mkuu, wala vyoo vya kutosha. Mzazi anayefikiria njia hii asichukulie suala la sheria kuwa dogo; amwone wakili, asitosheke na maneno ya kundi la WhatsApp wala na maneno yangu mimi.

Baada ya kutawanyika, mimi na jirani yangu, ambaye watoto wake walikuwa katika kikundi kilekile, tulikaa barazani kwake jioni moja tukiwa na daftari. Tuliugawa ukurasa sehemu mbili. Upande wa kushoto tukaandika kila jambo ambalo mama au baba anaweza kulifanya vizuri nyumbani na watoto wake: kusoma, hesabu, mwandiko, dini, upishi, habari za ukoo. Upande wa kulia tukaandika yale ambayo nyumba moja haiwezi hata mzazi awe hodari vipi: kwaya, mchezo wa kuigiza, mdahalo, kandanda, kusoma kazi yako mbele ya watu, uchunguzi wa sayansi unaohitaji macho na mikono mingi, na yale masomo ambayo mzazi mwenyewe hayajui. Tulipomaliza, tukaona kwamba karibu kila kitu tulichokuwa tukikilipia shilingi 6,000 kilikuwa upande wa kushoto. Tukakubaliana pale pale kwamba kikundi chochote tutakachokianzisha kitashughulika na upande wa kulia peke yake.

Siwezi kueleza vya kutosha jinsi makubaliano hayo yalivyorahisisha mambo. Ugomvi wa mitaala uliisha, maana mtaala ni wa kila nyumba na kikundi hakiugusi. Mwalimu wa kuajiriwa hakuhitajika, ukumbi haukuhitajika, na muda wa saa tatu na nusu kwa juma ukawa unatosha. Mama anayefuata mtaala wa umilisi na mama wa vijitabu vya ACE huketi mkeka mmoja wakimenya viazi, na sijawahi kuwasikia wakishindana. Mzazi mgeni akija na kuuliza kama tunafundisha hesabu, hujibiwa kwamba hatufundishi, na kwamba kama hilo ndilo analolitafuta, sisi hatutamfaa. Wengine huondoka wakiwa wamevunjika moyo. Nasikitika wanapoondoka, lakini najua kwamba tungewakubali kwa kuwaonea haya tungerudi ukumbini.

Kuchagua siku kulitusumbua kuliko nilivyotarajia. Ijumaa haikuwezekana kwa sababu ya sala ya Ijumaa. Jumamosi ni siku ya ibada ya familia moja ya Waadventista, na asubuhi hiyo hiyo watoto wengi wa Kiislamu wako madrasa, kama walivyo Jumapili, wakati Wakristo wengine wako kanisani. Alasiri zote za juma zimeshikwa na madrasa. Jumatatu baba mmoja huwa safarini na ndiye mwenye gari. Jumanne mama mmoja huwa kazini hospitalini. Alhamisi palikuwa na kliniki ya mtoto wa familia nyingine. Jumatano ilibaki kwa kuondoa nyingine zote. Tunaanza saa tatu ili wanaotumia matatu wasibanwe na msongamano wa asubuhi, na tunamaliza saa sita na nusu ili wanaoswali waiwahi adhuhuri na watoto wapate kula kabla ya madrasa ya saa nane. Ramadhani ikifika tunapunguza hadi saa moja na nusu. Mwaka wa kwanza familia za Kikristo zilitangulia kusema, bila ya kuombwa, kwamba watoto wao watakula vitafunio nyumbani mwezi ule. Neno hilo lilitufungulia mlango wa kuzungumza mambo mengine ya dini kwa uwazi. Hatuna sala ya pamoja, na hatumtaki mtu atie saini tamko la imani, ingawa najua vipo vikundi vinavyolitaka na vinaendelea vizuri kwa walio na imani moja. Mji wetu umechanganyika, nasi tukaamua kikundi kiwe kama mji.

Umbali nao ni jambo ambalo moyo hulidharau na mwili haulisahau. Familia moja ya Likoni ilijiunga nasi kwa hamu kubwa. Mama alikuwa akiamka alfajiri na watoto wanne, avuke kivuko kwa miguu, apande matatu hadi mjini na nyingine hadi Bamburi, na arudi hivyo hivyo kwenye jua la mchana. Walikuja Jumatano tano. Ya sita hakuja, na nilipompigia simu alikuwa akilia kwa kuona kwamba ametuangusha. Hakuwa ametuangusha hata kidogo; sisi ndio tuliomkubali bila kumuuliza njia. Tulimsaidia kutafuta wenzake wa upande wa kusini, akapata familia mbili za Ukunda, na leo wana kikundi chao. Sasa huwa hatumpokei mtu ambaye safari yake inazidi dakika 40 kwa gari analolitumia kila siku, si kwa gari la kuazima.

Sharti letu lililo gumu kuliko yote ni kwamba mzazi haachi mtoto akaondoka. Anabaki, na ana kazi. Mama mmoja alikaribia kukataa kujiunga kwa sababu hiyo, akisema kwamba yeye aliishia darasa la nane na hana cha kumfundisha mtoto wa mwenzake. Ni mshonaji. Tulimwomba alete mkasi, futi ya kamba na mabaki ya vitambaa, na kwa majuma sita aliwafundisha watoto kupima bega, kiuno na urefu wa gauni, na kukata karatasi ya mfano kabla ya kugusa kitambaa. Watoto wangu walikuwa wamefanya sehemu katika vitabu kwa mwaka mzima bila kuona zina maana gani. Mbele ya yule mama, nusu, robo na thumuni ya inchi zikawa kitu ambacho ukikikosea mkono wa gauni hauingii. Mkubwa kati ya watoto akauliza kwa nini bibi yake huita senti 50 thumuni, na mazungumzo yakatoka kwenye kitambaa yakaenda kwenye fedha za zamani, na mama aliyesema hana cha kufundisha akawa ndiye anayeyaongoza. Mwenzetu mwingine ni muuguzi, naye hufundisha huduma ya kwanza. Mmoja ni mwenyeji wa Lamu, na kwake watoto hujifunza kutunga na kughani mashairi. Huwaona wamekaa wakihesabu mizani kwa vidole, nane na nane, hadi mstari utimie 16, kisha kila mmoja husimama akaghani mbele ya wenzake. Hilo la kusimama ndilo ambalo sebule yangu haikuweza kumpa binti yangu.

Kazi yangu mimi ni daftari la maji. Nilitaka jambo ambalo wa miaka 4 na wa miaka 15 wanaweza kulifanya pamoja, nikaamua kwamba kila Jumatano saa nne kamili tutashuka ufuoni, na watoto watahesabu hatua kutoka kwenye mvinje mmoja tuliouteua hadi ukingo wa maji. Mwenye kupiga hatua ni mtoto yule yule kila mara, ili kipimo kisibadilike. Jumatano ya kwanza zilikuwa hatua 96. Ya pili zilikuwa 14. Watoto wengine walimshutumu mpiga hatua kwamba amedanganya, na akarudia kuhesabu akiwa na machozi. Ya tatu zikawa 91, na ya nne 17. Sikuwaambia kitu. Niliwaacha wagombane kwa hoja mwezi mzima, na ilikuwa raha kubwa kuwasikiliza.

Aliyeanza kulifumbua fumbo hilo ni msichana wa miaka 11, ambaye Jumatano ya tano alitabiri kabla hatujashuka kwamba maji yatakuwa mbali. Wenzake walimtaka aseme amejuaje. Alisema kwamba jana yake mwalimu wa madrasa aliandika tarehe ubaoni, na kwamba mara zote maji yalipokuwa mbali mwezi ulikuwa umeandama karibuni au umekaribia kuwa mpevu. Mvulana wa familia ya Waadventista, ambaye hakuwahi kuishi kwa tarehe za mwezi, alimwomba amwandikie zote, na wawili hao wakaziweka sambamba na hatua. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona jarife hapo karibu aliwasikia, akawapa majina yake: bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa kidogo na kupwa kidogo. Baada ya hapo ndipo nilipoleta saa na karatasi. Kujaa na kupwa huchelewa karibu dakika 50 kila siku, na katika siku saba ucheleweshaji huo hufikia karibu saa sita. Kwa hiyo bahari iliyokupwa Jumatano moja saa nne, Jumatano inayofuata saa hiyo hiyo huwa imejaa. Kwetu pwani maji ya bamvua hukupwa mnamo saa nne na saa tano asubuhi, na bahati hiyo ndiyo iliyofanya hesabu zetu ziwe na tofauti kubwa namna ile. Ningeweza kuyasoma haya yote na binti yangu nyumbani kwa dakika 10, na angeyasahau kwa muda huo huo. Kilichoyafanya yakae ni ule mwezi mzima wa kubishana na watoto wasiokubali jambo kwa sababu tu mama yake amelisema.

Kutokana na daftari hilo tulifunga safari kwenda Ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, ambako wanakijiji wamekuwa wakiutunza msitu wao wa mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013 na kuuza haki za kaboni, na fedha zikatumika kwa maji na shule za kijiji. Tulivuka Likoni kwa miguu, watu wazima wanane na watoto 17, kila mkubwa akiwa na wake wa kuwashika. Upande wa pili tulipokewa na wenzetu wa kikundi cha kusini, akiwemo yule mama wa Likoni. Watoto walirudi wakiwa wanajua kutofautisha mkoko, mchu, mkandaa na mlilana kwa mizizi, na wakiwa na matope hadi mabegani.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Mwaka wa pili tulipokea familia nne kwa mkupuo, kwa kuona aibu kukataa, tukawa na watoto 29. Wadogo waliogopa, wakubwa wakajitenga, na wazazi wageni wakakaa pembeni wakizungumza kwa kuwa hawakujua wafanye nini. Muhula ule niliutamani uishe. Sasa familia ngeni huja moja kwa muhula, huhudhuria Jumatano nne kama wageni, na baada ya hapo pande zote mbili huwa huru kusema hapana bila kueleza sababu. Siku moja pia mtoto mmoja alimpiga mwenzake kwa jiwe, na mzazi wa aliyepigwa akamtwanga kofi aliyepiga. Wiki mbili hatukukutana. Tulipoketi tena tuliandika kwamba mtu mzima yeyote anaweza kumzuia mtoto yeyote asiumize, lakini anayeadhibu ni mzazi wake, ambaye ndiyo maana yuko pale. Na kwamba hakuna kupiga. Tuliandika pia kwamba hakuna mtu mzima atakayekaa faraghani na mtoto wa mwenzake, kwamba ufuoni huwa na mkubwa mmoja kwa watoto watatu, na kwamba picha za watoto hazitumwi nje ya kikundi. Sheria hizo zilipaswa kuwapo tangu siku ya kwanza, na naomba anayeanza asingoje jiwe.

Kuna mtoto kati yetu mwenye usonji, na nataka kumzungumzia kwa sababu wazazi wengi wanaosomesha nyumbani wamefika hapo kwa sababu ya mtoto kama yeye. Zamani tulianza na kwaya, na kila Jumatano alikuwa akiziba masikio na kulia, na mama yake akimbembeleza nje ya lango huku akituomba radhi. Tulikuwa tukimwambia asijali, na tukiendelea kuimba. Baadaye jirani yangu akauliza kwa nini tusianze na ufuo. Tukageuza ratiba: ufuo kwanza, kazi za mikono katikati, kwaya mwisho. Mama huyo sasa huondoka na mwanawe kwaya ikikaribia, na mtoto anakuwa ameshapata saa mbili na nusu njema pamoja na wenzake. Haikutugharimu kitu. Ilitakiwa mtu mmoja aulize tu, na ilituchukua muhula mzima kuuliza.

Kwa upande wa fedha, kila familia hutoa shilingi 300 kwa juma. Tuna mweka hazina, na kama ilivyo katika vyama vyetu vya akina mama, hesabu husomwa kwa sauti Jumatano ya mwisho ya mwezi mbele ya wote. Katika kikundi cha kwanza hakuna aliyejua fedha ziko wapi, na ninaamini kwamba nusu ya maneno makali yaliyosemwa yasingesemwa kama tungezisoma.

Mtoto asiye na sare akionekana barabarani saa nne ya asubuhi huvuta macho. Mzee wa mtaa alikuja ufuoni siku moja kutuuliza, kwa adabu, hawa ni watoto wa shule gani. Tulimkaribisha, tukampa kiti, tukamwonyesha majalada. Kila familia ina jalada lenye nakala ya cheti cha kuzaliwa, mpango wa masomo, kazi za mtoto zenye tarehe, na matokeo ya mitihani ya nyumbani. Alisoma insha moja hadi mwisho. Sisemi kwamba jalada ni kinga ya kisheria, lakini kulionyesha ni heshima kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuliza, na humlazimisha mzazi ajiulize mwenyewe kama kweli anasomesha.

Mitihani haifanywi na kikundi, ila habari zake tunapeana. Mfumo wa umilisi ulipofanya tathmini yake ya kwanza ya Gredi ya 6 mwaka 2022, mpango wake ulikuwa asilimia 60 ya alama zitokane na tathmini zinazofanywa shuleni tangu Gredi ya 4, na mtihani wenyewe uwe asilimia 40, jambo linalomweka mtoto wa nyumbani mahali pagumu. Kwa sababu hiyo familia mbili kati yetu zimeamua watoto wao wafanye mitihani ya Cambridge kama watahiniwa wa kujitegemea, ambako katika sayansi upo mtihani wa kuandika unaochukua nafasi ya ule wa maabara. Familia nyingine imemrudisha mtoto wake mkubwa shuleni, na wadogo zake wangali nasi. Tulimfanyia karamu ndogo ya mahamri na mbaazi, na binti yangu alimtungia shairi.

Anayetaka kuanza atafute familia moja tu. Mkutane siku moja kwa juma kwa majuma sita, mkifanya jambo moja ambalo hakuna kati yenu anayeweza kulifanya peke yake, na msimwalike wa tatu kabla hamjagombana mara moja na kupatana. Mimi na jirani yangu tuligombana juu ya saa ya kuanza. Wa tatu alipokuja alikuta tumeshapatana juu ya saa, na mkeka umeshatandikwa.

Jumatano ijayo mwezi utakuwa umeandama siku mbili kabla, na inakuja familia ngeni kutoka Mtwapa yenye watoto watatu. Watoto wameshaandika utabiri wao na kuufunga ndani ya bahasha: walio wengi wanasema hatua 94. Yule mpiga hatua, ambaye tangu 2023 amerefuka sana, anasema itabidi kazi hiyo apewe mdogo wake, kwa sababu hatua zake si zile tena.